Moto Katikati ya Maji: Safari ya Samawari na Chai ya Usukuma

Stendi ya Kahama, Katoro au Shinyanga mjini, alfajiri chai haikosekani. Imo kwenye chupa zenye vifuniko vya kubonyeza, imo kwenye sufuria za mama ntilie zilizopakwa masizi, na pembeni yake muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Chombo ambacho hutakiona ni samawari, ingawa Warusi, Waajemi, Waturuki na watu wa Kashmir wamechemshia maji ndani yake kwa vizazi vingi.

Kukosekana kwake hakutokani na umaskini peke yake, wala si ushamba. Chombo cha chai hufuata mambo matatu: watu wanakunywa chai ya namna gani, kuni zao zinatoka wapi, na mfukoni wana nini. Katika mambo hayo matatu, Tula ya Urusi na Shinyanga ya Tanzania zilishika njia mbili tofauti tangu mwanzo. Hata hivyo, lipo somo moja la samawari ambalo Shinyanga, kuliko mikoa mingi ya nchi hii, ina sababu ya kulisikiliza: jinsi ya kupata maji ya moto mengi kwa mkaa kidogo.

1638–1778: Chai yafika kwenye baridi

Mwaka 1638 mjumbe wa Urusi, Vasily Starkov, alirudi Moscow kutoka kwa Altyn Khan, mtawala wa Kimongolia, akiwa amebeba zawadi za kumpelekea Tsar Mikhail. Miongoni mwake yalikuwemo majani makavu ya chai. Inasimuliwa kwamba Starkov hakuyapenda. Aliona ni heri angepewa ngozi za thamani. Lakini wakubwa wa Moscow walionja, wakarudia, na baada ya Mkataba wa Kyakhta wa 1727 kufungua biashara ya kudumu kati ya Urusi na China, misafara ya ngamia ikaanza kuvusha chai nyikani mwaka hadi mwaka.

Chai iliyosafiri hivyo ilikuwa ghali, na majira ya baridi ya Urusi ni marefu. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unapata desturi yote ya chai ya Kirusi. Majani machache hutiwa kwenye buli dogo yakatoa rangi nzito, chungu. Kila mnywaji anamiminiwa kidogo cha rangi ile kikombeni, halafu anajaziwa maji ya moto kadiri ya uchungu anaoutaka. Buli moja linahudumia nyumba nzima jioni nzima, ila kwa sharti moja: maji ya moto yasiishe wala yasipoe.

Urusi ilikuwa tayari na chombo cha karibu na hicho. Wachuuzi wa mitaani waliuza kinywaji cha moto cha asali na viungo, wakikibeba katika birika la shaba lenye bomba la makaa tumboni. Mafundi wa viwanda vya shaba vya Milima ya Urali wakalikuza wazo hilo, na kumbukumbu za forodha za huko za mwaka 1740 tayari zinataja samawari. Kisha mwaka 1778 ndugu wawili, Ivan na Nazar Lisitsyn, watoto wa fundi wa bunduki, wakaanza kutengeneza samawari mjini Tula, kusini mwa Moscow.

Kwamba kazi hiyo ilishika mizizi Tula, hilo halishangazi. Tangu mwaka 1712, kwa amri ya Tsar Peter, mji huo ulikuwa na kiwanda cha silaha cha dola. Mtu aliyezoea kutengeneza mtutu wa bunduki, bomba lililonyooka lisilovuja, hashindwi kutengeneza bomba la kuchemshia maji.

Chombo chenyewe

Samawari kwa nje huonekana kama pambo: tumbo la shaba ya njano linalong'aa, mikono miwili ya kubebea, koki mbele, miguu minne chini. Siri yake iko ndani. Katikati ya tumbo limepita bomba nene lililosimama wima, kutoka chini mpaka juu, likatokeza kwenye kifuniko. Maji hukaa kulizunguka bomba hilo. Moto huwashwa ndani ya bomba.

Ndiyo maana samawari haihitaji jiko. Chini ya bomba kuna wavu wa chuma unaoshika makaa, na chini ya wavu, kwenye kitako, kuna matundu ya hewa. Hewa baridi huingia kwa matundu yale, hupita kwenye makaa, hupata moto, hupanda na kutoka juu, na kwa kupanda kwake huvuta hewa nyingine nyuma yake. Bomba lile ni tanuri na dohani kwa pamoja. Mwanzoni, moto ukiwa bado mchanga, huongezewa bomba jingine la bati juu ili mvuto uwe mkali na moshi utolewe nje ya nyumba. Moto ukikataa kabisa, Mrusi wa zamani alichukua buti lake la ngozi, akalifunika juu ya bomba na kulikandamiza na kuliachia, likavukuta.

Faida yake ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyepika juu ya mafiga. Moto wa mafiga hupiga kitako cha sufuria tu. Sehemu kubwa ya joto hupotea pembeni na kwenda na upepo. Moto wa samawari umezungukwa na maji pande zote. Joto likitaka kutoka pembeni ni lazima lipite majini kwanza. Kwa kuni chache, vipande vya mkaa au koni kavu za msonobari, lita kadhaa za maji huchemka, na makaa yanayobaki huendelea kuyaweka moto kwa muda mrefu bila mtu kuyashughulikia.

Sehemu nyingine zote zinaitumikia kazi hiyo. Koki imewekwa juu kidogo ya sakafu ya tumbo ili takataka na magadi yanayotuama yasimiminike kikombeni. Kifuniko kina kitundu cha kupumulia mvuke, la sivyo maji yangefurika au kifuniko kingeruka. Juu ya mdomo wa bomba hukaa taji la shaba, na juu ya taji huketi lile buli dogo la rangi, likipata joto la kutosha kuiva bila kuchemka. Anayetaka kuuzima moto huweka kizibo juu ya bomba. Hewa ikikatika, makaa yanalala.

Majani ya chai hayaingii kamwe kwenye tumbo la samawari ya Kirusi, wala maziwa, wala sukari. Mle ni maji matupu. Jambo hili dogo litakuja kuwa kubwa tukifika Usukuma.

Ipo pia kanuni ambayo haina msamaha: maji hutangulia, moto hufuata. Viungo vya samawari vimeshikanishwa kwa lehemu, na kwa ndani shaba imepakwa bati ili isitoe sumu ya kutu. Lehemu na bati huyeyuka kwa joto la chini kuliko joto la makaa. Maji yakiwemo, huliondoa joto hilo kabla halijaleta madhara. Tumbo likiwa kavu, maungio huachia, koki hudondoka, na chombo cha kurithi kinageuka chuma chakavu ndani ya dakika chache.

1778–1917: Tula na mafundi wake

Baada ya Lisitsyn wakaja wengine, akina Batashev wakiwa maarufu kuliko wote. Kufikia mwaka 1850 Tula ilikuwa na viwanda 28 vya samawari, vikitoa takriban 120,000 kwa mwaka. Kazi iligawanywa. Mmoja alikunja bamba la shaba na kuliunga kuwa tumbo, mwingine alipaka bati, mwingine alikereza, mwingine alitengeneza koki na mikono, wa mwisho aliunganisha na kung'arisha. Wengi wao hawakukaa kiwandani. Walikuwa wanakijiji waliofanya kipande chao nyumbani na kukipeleka mjini kwa farasi, wakalipwa na kuchukua shaba nyingine.

Samawari ziliuzwa kwa uzito: kadiri ilivyokuwa nzito ndivyo ilivyogharimu. Ziliigiza umbo la chungu, la bilauri, la tufe. Zikagongwa mihuri ya medali zilizotunukiwa kwenye maonyesho. Warusi mpaka leo humcheka mtu anayekwenda Tula na samawari yake.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, chai ilianza kufika kwa meli mpaka Odessa, ikashuka bei, na samawari ikaingia nyumba za wakulima na mabehewa ya reli. Kilichoivunja nguvu ni vita. Mwaka 1914 mafundi na shaba vilihitajika kwa risasi na mizinga, na baada ya Mapinduzi ya 1917 viwanda vya watu binafsi vikawa mali ya dola. Samawari ya umeme ya zama za Kisovieti ilibaki na umbo lile lile la nje, lakini ndani bomba la moto halimo. Kuna waya wa kuchemshia tu. Hiyo ndiyo ambayo baadhi ya Watanzania waliosomeshwa Urusi, ambako Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilianzishwa mwaka 1960, walirudi nayo kama zawadi, ikawekwa kabatini sebuleni.

Kusini: Isfahan, Kashmir na pwani

Samawari ilivuka mpaka wa Urusi kwa biashara. Uajemi, ambako kahawa ilitawala kabla, iligeukia chai katika karne ya 19. Amir Kabir, waziri mkuu wa Shah kuanzia 1848 hadi 1851, alitaka nchi yake iache kuagiza kila kitu kutoka Urusi. Inasimuliwa kwamba alimpa fundi mmoja wa Isfahan mtaji na haki ya kutengeneza samawari peke yake. Fundi akajenga karakana. Kabla kazi haijazaa, Amir Kabir akapinduliwa na kuuawa, maofisa wapya wakadai fedha za serikali zirudishwe, na fundi akaishia kuombaomba. Hata hivyo chombo chenyewe hakikufa. Uajemi ikawa nchi ya samawari.

Kashmir ilifanya jambo la busara zaidi: ilikibadilisha chombo. Bomba la makaa lilibaki katikati, lakini koki iliondolewa, ukawekwa mdomo mrefu wa kumiminia kama wa birika, na majani pamoja na viungo vikaingizwa ndani ya tumbo lenyewe. Watu wa Kashmir walitaka chai iliyopikwa, si rangi inayozimuliwa kwa maji, nao hawakuona sababu ya kubadili kinywaji ili kimfurahishe fundi wa Tula.

Kwetu samawari ilifika pwani. Uhusiano wa Unguja na Uajemi ulikuwa wa karibu. Mabafu ya Kidichi yalijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said. Lakini pwani ilikuwa na bwana wake tayari: kahawa. Muuza kahawa alikuwa na dele lake la shaba, pana chini, jembamba shingoni, lenye mdomo wa kuchongoka, na chini yake kijijiko cha makaa kinachobebwa pamoja nalo. Ukitafuta ndugu wa samawari katika Afrika Mashariki, ni huyo. Moto uko chini ya tumbo badala ya ndani yake, lakini nia ni ile ile: kinywaji kitembee na moto wake. Samawari ilibaki kuwa chombo cha nyumba za wenye uwezo, nayo haikupanda bara na misafara.

1858–1912: Watu wa moto, lakini si wa chai

Julai 1858 John Hanning Speke alitoka Kazeh, Tabora ya leo, akaelekea kaskazini kupitia nchi ambayo sasa ni Shinyanga, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa aliloliita Victoria. Nchi aliyopita ilikuwa na ng'ombe, mtama na majembe ya chuma.

Majembe hayo yanatupasa tusimame kidogo. Magharibi yake, Geita na Buzinza, waliishi Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma ambao majembe yao yaliuzwa Usukuma na kusini mpaka Unyamwezi, na kutolewa mahari. Mrongo alichimba shimo, akalizungushia ukuta, akapanga mkaa na mawe ya chuma, akaelekeza mabomba ya udongo kwenye moto na kuyapulizia mivukuto ya ngozi mpaka jiwe likalainika. Alijua mkaa wa mti gani unatoa joto kali, na alijua hewa ipite wapi. Mambo yote ambayo fundi wa Tula aliyajua kuhusu moto ndani ya bomba, Mrongo aliyajua kwa kiwango kikubwa zaidi, maana yeye aliyeyusha chuma, siyo lehemu.

Kwa hiyo ujuzi haukuwa tatizo. Lililokosekana ni haja. Usukuma haikuwa na chai wala baridi ya miezi mitano. Asubuhi ilikuwa ya uji na maziwa. Halafu majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yakaja kwa bei ya chini, na matanuri ya Warongo yakazimika taratibu katika miongo ya kwanza ya ukoloni. Chai ilipofika, watu wenye ujuzi wa moto walikuwa wakiacha kazi yao.

1912–1961: Reli, pamba na sukari

Wajerumani walipanda chai ya kwanza nchini katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Kilimo cha kibiashara kilianza mwaka 1926. Njia ya kuifikisha kanda ya ziwa ilikuwa reli: ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Mji mpya wa Shinyanga ukakua kando ya reli hiyo, huku makao ya zamani yakiachwa na jina la Old Shinyanga.

Pamoja na reli walikuja wenye maduka wa Kihindi na vinu vya kuchambua pamba, nao walikuja na namna yao ya chai: majani, maziwa, sukari, tangawizi na iliki, vyote sufuriani, vichemke pamoja. Kwa Msukuma mwenye ng'ombe hiyo ilikuwa habari njema. Maziwa anayo. Kilichobaki ni kununua majani na sukari, na fedha ya pamba ikavileta. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, na mshahara ukaongezeka juu ya pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani vilianzisha Victoria Federation, na mkulima akaanza kuuza pamba kupitia chama chake mwenyewe. Chai ya maziwa na viazi vikavu, matobolwa, ikawa kifungua kinywa cha nyumba isiyo ya tajiri.

Hapa ndipo samawari ya Kirusi ilipofungiwa mlango, kwa maoni yangu, wala hakuna aliyeufunga kwa makusudi. Chai ya Usukuma hupikwa. Maziwa yakiwekwa kwenye tumbo la samawari yataungua kwenye ukuta wa bomba, mahali ambapo mkono hauwezi kufika kusugua. Sukari itaziba koki. Sufuria iliyo wazi, mwiko na kichujio vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa bei ndogo. Kashmir ilipokutana na tatizo kama hilo ilikuwa na mafundi wa shaba wa kulitatua. Shinyanga ya 1930 ilikuwa na fundi bati mmoja mmoja, na jiko la mkaa la bati ambalo, kwa maelezo ya wengi, lilianza Kenya na vibarua wa Kihindi wa reli.

1923–1986: Miti inakwisha

Gharama ya sufuria iliyo wazi hailipwi dukani. Inalipwa porini.

Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipambana na mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o, aliweka makao yake Shinyanga, na akiwa na machifu kama Makwaia wa Usiha aliwatoa maelfu ya watu wenye mashoka kufyeka vichaka. Mbung'o walirudi nyuma kweli. Ng'ombe na pamba vilichukua nafasi yao, na miti haikurudi. Baadaye Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye ngitili zao, yale malisho yaliyotengwa na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa Shinyanga walikuwa wakitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na wengi walipikia mabua ya pamba na samadi kavu. Miaka hiyo hiyo baada ya vita vya Kagera sukari iliadimika madukani, na nyumba nyingi zilirudi kwenye uji.

Mwalimu Nyerere alitembelea mkoa mwaka 1984 na kuona ukame ulivyokuwa umeila ardhi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Uamuzi wake wa busara ulikuwa kuacha kuwafundisha watu miche ya kigeni na kurudi kwenye ngitili, jambo ambalo wazee walilijua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa, na mwaka 2002 mpango huo ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Upande wa majiko, mwaka 1982 Kenya ilikuwa imetoa jiko la mkaa lenye udongo wa kufinyanga ndani, na Tanzania ikafuata na jiko bora lake. Bitana ile ya udongo hulizuia joto lisitoroke pembeni. Ni wazo la samawari lililogeuzwa: Mrusi aliuzungushia moto maji, fundi wa Afrika Mashariki akauzungushia udongo.

Chupa yashinda

Kama ningetakiwa kutaja kitu kimoja kilichomaliza kabisa haja ya samawari huku kwetu, ningetaja chupa ya chai. James Dewar, mwanasayansi wa Uskochi, aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya maabara. Wajerumani wakaifanya bidhaa mwaka 1904. Kuta mbili za kioo, utupu katikati, na joto halina pa kutokea. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani kwetu, na chupa za Kichina zenye maua makubwa zikawa pambo la kabati na zawadi ya harusi. Chupa hutunza chai ya maziwa saa nyingi bila kaa hata moja. Chemsha mara moja alfajiri, uza mpaka saa tano.

Dhahabu na chai ya duarani

Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mmiminiko wa wachimbaji wadogo ulikuja baadaye, biashara ya madini ilipolegezwa kuelekea 1990: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Bulyanhulu. Wachimbaji wa Bulyanhulu waliondolewa mwaka 1996; mgodi mkubwa ukafunguliwa pale mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya ule mpya wa Geita. Katoro ikakua kuwa mji. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa.

Kila rashi, yaani mmiminiko wa dhahabu, huanza na watu wawili: mwenye sururu na mama ntilie. Saa kumi na moja alfajiri, kabla zamu haijashuka duarani, yaani shimoni, sufuria ya lita ishirini iko juu ya mafiga, tangawizi imepondwa kwa jiwe, chapati zimepangwa chini ya kitambaa. Magogo yanayowaka chini yake yanatoka msitu ule ule unaotoa matimba ya kuzuia maduara yasiporomoke, na msitu hautoshi kwa yote mawili. Maziwa yakiadimika, inauzwa chai ya rangi.

Kuna hatari nyingine hapo ambayo ni lazima itajwe. Wachimbaji wengi hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma juu ya jiko la mkaa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke ule ni sumu kwa ubongo na figo. Jiko lililochomea zebaki lisirudi jikoni kupikia chai, hata likipoa, hata likioshwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haukai jikoni kumzuia mtu.

Kazi iliyobaki

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia Watanzania asilimia 80 kufikia mwaka 2034. Gesi na umeme vitafika Kahama na Geita mjini kwanza. Machimboni na vijijini Kishapu mkaa utaendelea kuwepo kwa miaka kadhaa, na huko ndiko swali la kuchemsha maji kwa makaa machache lina maana.

Sidhani samawari ina kazi kwa mama ntilie wa chai ya maziwa. Ina kazi msibani. Matanga ya Usukuma hukusanya watu wengi, usiku kucha, na usiku kucha kuna magogo matatu yanayowaka chini ya pipa la maji ili watu wapate chai ya rangi. Hapo ndipo bomba la makaa katikati ya maji lingefaa: maji matupu, muda mrefu, watu wengi, buli la rangi pembeni.

Nawaomba basi mafundi bati wa Kahama na Shinyanga, pamoja na walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, wajaribu wazo hili. Pipa dogo la chuma safi ambalo halijawahi kubeba kemikali ya mgodini, bomba lililochomelewa wima katikati, wavu chini, matundu ya hewa, koki juu kidogo ya sakafu, kitundu cha mvuke kwenye kifuniko. Maungio yachomelewe, lehemu yenye risasi isitumike mahali maji ya kunywa yanapopita. Wapime mkaa unaotumika kuchemsha lita ishirini kwa mafiga na kwa pipa hilo, na waandike namba zote mbili ubaoni pale karakana, wanunuzi wazione.